Kula Nje Bila Bia: Mbinu za Kufaidi Meza ya Nakawa

Nakawa ni mahali pagumu pa kusema hunywi. Katika divisheni hii, mojawapo ya tano za jiji la Kampala, ndiko iliko Luzira, na Luzira ndiko kilipo kiwanda cha Uganda Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946. Bia yake ya Bell ilipata jina kutokana na bandari ya Port Bell iliyo hapo hapo kando ya ziwa. Jua likizama, pita Bandali Rise kule Bugolobi au panda Ntinda: viti vya plastiki viko nje, chupa zimejaa mezani, moshi wa muchomo, yaani nyama ya kuchoma, unakufuata mpaka stendi ya boda.

Lakini ndani ya Nakawa hiyo hiyo zipo meza nyingi ambazo ukiagiza bia mhudumu anatabasamu na kukujibu, "Hatuuzi, ssebo. Juisi ipo." Aliyezoea kula na chupa pembeni hapo hujiuliza kama kweli jioni hii itakuwa na raha, au atakula haraka haraka akimbilie kwingine.

Raha ipo, ila haiji yenyewe. Wengi wakiingia mgahawa usio na pombe hubadilisha kitu kimoja tu: penye bia wanaweka soda, mengine yote yanabaki vile vile. Baada ya nusu saa wanaona jioni imekwama na hawajui kwa nini. Sababu ni kwamba bia mezani ina kazi tatu. Inajaza muda wa kusubiri jiko. Inakata mafuta ya nyama. Na inalegeza ndimi. Soda moja haiwezi kazi hizo zote. Igawe kila kazi kwa kitu chake, na utashangaa jinsi chupa isivyokumbukwa.

Tena usijione wa ajabu. Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 iliwahesabu Waislamu kuwa asilimia 13.7 ya wananchi, Wapentekoste na walokole wenzao asilimia 11.1, na Waadventista Wasabato asilimia 1.7. Ukijumlisha, zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne ni wa dini au dhehebu linalowafundisha waumini wake wasiguse kilevi. Kama wote wanafuata, hiyo ni habari nyingine. Kwa mwenye mgahawa hilo ni soko kubwa, na ni soko linalokuja na watoto, bibi na mashangazi, meza nzima kwa mpigo.

Jua unakwenda mahali pa namna gani

Migahawa isiyo na pombe haifanani. Ukiijua aina yake kabla ya kutoka nyumbani, umeepuka nusu ya masikitiko.

Kuna mikahawa mikubwa ya kisasa yenye menyu ndefu kama kitabu, kiyoyozi, na sehemu ya watoto kucheza. Mfano unaojulikana zaidi Kampala ni Café Javas ya Mandela Group, ambayo imeenea mjini na kuvuka mpaka hadi Nairobi bila kuuza hata chupa moja ya bia. Hapa chakula ni kingi kwenye sahani, huduma ni ya haraka, na kelele ni za familia.

Kuna hoteli za Waislamu, nyingine za Wasomali au Wayemeni, ambako watu hufuata pilau, mbuzi, kuku na lusaniya, sinia la wali na kuku linaloliwa kwa pamoja. Meza ni chache, mapambo ni machache, na hakuna anayekuletea menyu ya vinywaji. Unakuja kula. Chakula chenyewe ndicho tangazo, kwa maana kizuri chajiuza.

Na kuna vibanda vya chakula vya sokoni, kama vile ndani na pembeni mwa soko la Nakawa, ambako mchana wafanyakazi, madereva na wanafunzi wa chuo cha biashara cha MUBS hula matooke, wali, posho, maharage na binyebwa, ule mchuzi mzito wa karanga. Pale hakuna anayeuliza habari za bia, na hakuna anayesema chakula hakikunoga kwa kuikosa.

Kabla ya kwenda, piga simu na uulize mambo manne: mnauza pombe au hapana, jiko linafungwa saa ngapi, juisi zenu mnakamua wenyewe au ni za boksi, na naweza kuagiza chakula kabla ya kufika? Swali la kwanza uliulize hata kama unadhani jibu unalijua. Mgahawa wa Kihabeshi, kwa mfano, unaweza kuwa na bia au usiwe nayo, kulingana na mwenyewe.

Na kama jibu ni "hatuuzi", usibebe chupa yako mkobani. Mahali pengi pombe haipo kwa sababu ya imani ya mwenye mgahawa, na kumfungulia mtu chupa mezani kwake ni kumvunjia heshima mbele ya wateja wake.

Kazi ya kwanza: muda

Jiko la Kampala halina haraka. Samaki mzima wa kukaanga au kuku wa kuchoma akiagizwa mbichi atakuchukua nusu saa, mara nyingine karibu saa nzima. Kwenye baa hulioni hilo, kwa sababu chupa ya kwanza imefika kabla hujakaa vizuri, na ya pili inakuja unapoanza kuangalia mlango wa jikoni. Bia huficha ucheleweshaji wa mpishi. Ukiiondoa, dakika zote hizo unaziona, na ndiyo maana wengi husema mgahawa usio na pombe "umepoa" wakati kilichopoa ni ule muda mtupu kabla ya sahani.

Dawa yake ni kuagiza kwa awamu. Ukishaketi tu, agiza kitu cha kutafuna ambacho hakingoji moto mrefu: sambusa, muhogo wa kukaanga, karanga, au supu. Supu ni bora kuliko vyote, kwa sababu huliwa polepole na huamsha tumbo. Hapo ndipo ufungue menyu na kuagiza chakula kikuu. Kinywaji baridi kije na supu, kingine kije na chakula, na cha moto kije mwisho. Ukiagiza vyote kwa pamoja, juisi itakwisha kabla ya kuku kufika, na utabaki unachezea mrija.

Muulize mhudumu waziwazi: "Nnyabo, hiki kitachukua muda gani?" Akisema dakika ishirini, wewe hesabu thelathini na tano. Kama mna watoto au wazee, agizeni kwa simu saa moja kabla.

Chagua pia chakula kinacholingana na saa. Luwombo, kuku au nyama iliyofungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa, ni chakula cha mchana. Mpishi ameianza asubuhi, na saa saba mchana ndipo jani linapofunguliwa na mvuke kupanda ukiwa na harufu ya moshi na karanga. Ukiifuata saa mbili usiku utaambiwa imekwisha, au utaletewa iliyopashwa moto mara ya pili. Usiku ni wa vitu vya kuchomwa na kukaangwa, pilau, na mikate ya moto.

Kuna jambo la kibiashara hapa ambalo mteja anafaa kulijua. Baa hupenda ukae, kwa sababu kila saa unayokaa ni chupa. Mgahawa usio na pombe hauna faida hiyo. Ukishamaliza kula, meza yako inatakiwa na mwingine, ndiyo sababu bili huja mapema na mhudumu huanza kukusanya glasi. Usichukie. Sema tangu mwanzo: "Tutakaa kidogo, tutamalizia na chai." Omba meza ya pembeni. Na epuka saa za msongamano: Ijumaa baada ya swala ya mchana, na Jumapili watu wanapotoka ibadani. Jumanne au Jumatano usiku utakaa mpaka uchoke mwenyewe.

Kazi ya pili: kukata mafuta

Kwa nini bia huenda vizuri na nyama? Kwa sababu ya uchungu, gesi na ubaridi. Vitu hivyo vitatu husafisha ulimi uliofunikwa na mafuta, na tonge linalofuata huwa na ladha kama la kwanza. Soda tamu ina gesi na ubaridi, lakini sukari yake huuchosha ulimi, na ikifika nusu ya chupa hata chakula hukitamani tena. Soda hizo ni majirani wa Nakawa pia, maana Pepsi ya Uganda hutiwa chupani na Crown Beverages papo hapo Nakawa. Ujirani huo usikufanye uzinywe na kila sahani.

Kinachotafutwa ni ukali, uchachu au uchungu kidogo, kwa sukari ndogo. Uganda imejaa vitu hivyo.

Juisi ya pasheni, au katunda kama wanavyoiita Waganda, ndiyo mfalme wa meza hizi. Ina uchachu, ina harufu kali, na inasimama mbele ya nyama ya mafuta bila kuyumba. Shida yake ni moja: majikoni wengi huitia sukari kwa mkono wa ukarimu. Iagize hivi: "Pasheni, sukari pembeni." Ikiletwa, itazame kabla ya kuonja. Iliyokamuliwa sasa hivi ina povu jembamba juu na rangi ya njano iliyofifia, na ukiiacha dakika chache maji yanaanza kujitenga na nyama ya tunda. Ile isiyojitenga hata kidogo, inayong'aa kama rangi ya ukutani, imetoka kwenye boksi au unga.

Samaki wa kukaanga anataka ndimu. Agiza soda isiyo na utamu, ile ya maji yenye gesi, na ndimu mbili zilizokatwa. Kamua moja kwenye glasi na nyingine kwa samaki, kisha tia chembe ya chumvi kwenye glasi. Kinywaji hicho ni cha bei ndogo, na hakuna chakula cha kukaanga kinachokishinda.

Pilau na lusaniya vina viungo na mafuta ya mchuzi. Vinataka maji ya tangawizi au juisi ya nanasi yenye tangawizi nyingi. Vyakula vya pilipili vya Kihindi na Kihabeshi vinataka maziwa: mtindi uliochapwa, mtupu au wenye chumvi kidogo, huzima moto ambao maji husambaza tu. Matooke na binyebwa ni vyakula vizito na vipole. Chai ya rangi yenye tangawizi inavifaa kuliko juisi yoyote tamu.

Na kama nafsi inadai ladha ya bia yenyewe, zipo zisizo na kilevi. Soma lebo. Iliyoandikwa 0.0 ni tofauti na ile inayoruhusiwa katika nchi nyingi kuitwa isiyo na kilevi huku ikiwa na hadi asilimia 0.5. Kwa mtu aliyeacha pombe kwa sababu ya afya au imani, tofauti hiyo ina maana. Fahamu pia kwamba migahawa mingi ya Kiislamu haiziweki hata hizo za 0.0. Ukiambiwa hazipo, usibishane.

Vinywaji vya kienyeji: tamu leo, kali keshokutwa

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa akifika Kampala hufurahia kuonja vinywaji vya hapa, na inafaa. Obushera wa watu wa magharibi mwa Uganda, unaotengenezwa kwa unga wa mtama au ulezi ulioota, ni mzito, una uchachu mwepesi na unashibisha. Omubisi ni maji ya ndizi mbivu zilizokandwa kwa majani mpaka zikatoa juisi yake. Munanasi huchemshwa kwa nanasi na maganda yake, mara nyingi pamoja na tangawizi au majani ya chai.

Vyote hivi vina sharti moja: umri. Omubisi uliochanganywa na mtama uliokaangwa na kuachwa uchachuke ndio tonto, pombe ya ndizi. Obushera ukikaa siku kadhaa hupanda, na munanasi vile vile. Kwa hiyo uliza swali moja tu: "Kimekaa siku ngapi?" Kikiwa cha leo au jana, kunywa. Kikiwa na mapovu yanayopanda yenyewe na harufu inayopiga puani, hicho kimeshahama ukoo. Kwa anayeendesha gari, mjamzito, au aliyeapa kutogusa kilevi, swali hilo lisisahaulike.

Kazi ya tatu: kulegeza ndimi

Hapa ndipo wenye wasiwasi wanapokuwa na hoja. Chupa mbili humfanya mtu mkimya aseme, na bosi acheke. Bila hizo, meza ya watu wasiojuana inaweza kuwa kimya kama chumba cha mtihani.

Lakini pwani yetu ya Afrika Mashariki imejua kwa karne nyingi jinsi ya kukesha na maneno bila kilevi. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata au haluwa pembeni, na baraza la watu hujadili siasa, mpira na ndoa za jirani mpaka usiku wa manane. Pale Forodhani, Unguja, jioni umati hula mishkaki na pweza na kunywa maji ya miwa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba watu hawaongei. Kule Muscat, migahawa mingi ya mtaani haina pombe, na Waomani waliotoka Zanzibar hukaa humo wakipiga soga za Kiswahili mpaka wahudumu wapindue viti. Kinachofungua midomo mahali hapo pote ni namna ya kukaa na namna ya kula.

Kwa Nakawa, chombo cha kazi hiyo ni lusaniya. Badala ya kila mtu na sahani yake, agizeni sinia moja. Linakuja pana, limejaa wali wa viungo mpaka ukingoni, kuku mzima amekatwa na kulazwa juu, chipsi au ndizi zimezunguka, kachumbari kwenye bakuli, na pilipili ya kusaga ambayo mtu mmoja lazima ataidharau na kujuta. Mnanawa, mnakunja mikono ya mashati, mnasogea. Mtu hawezi kubaki na urasmi wake huku akigombea paja la kuku na mtu ambaye hakumjua saa moja iliyopita. Mwenye adabu atamsogezea mwenzake finyango iliyonona, na hapo ujamaa umeanza.

Mpangilio wa watu nao una nafasi yake. Wanne hadi sita ni idadi nzuri. Wakizidi, meza inagawanyika kuwa mikutano miwili. Omba meza ya mraba au ya duara. Ile ndefu kama ya harusi huua mazungumzo hata penye pombe. Kaa mbali na televisheni. Simu ziwekwe juu ya meza zikiwa zimelala kifudifudi, na wa kwanza kuigeuza yake alipe chai za wote.

Malizieni na kitu cha moto, kwa sababu hicho ndicho kinachoongeza saa nzima ya kukaa bila mtu kukusukuma. Uganda ni nchi ya kahawa: robusta ni mmea wa asili wa misitu yake, na arabika ya Bugisu hulimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Uliza mgahawa una kahawa ya wapi, na uombe iliyosagwa, siyo ya kopo. Kama kahawa inakunyima usingizi, zipo chai za majani: mujaaja wenye harufu nzito ya bustani baada ya mvua, au mchaichai. Na wapenzi wa maziwa waagize ile ambayo menyu za Kampala huiita African tea, maziwa yaliyochemshwa na majani ya chai na tangawizi. Ikija kwenye chupa ya kutunza moto pamoja na vikombe vitupu, mmepata. Chupa hiyo inazungushwa mezani kama ambavyo nyingine ingezungushwa, na kila mtu atamiminiwa na jirani yake.

Bili: usidhani utaokoa kila mara

Watu husema kula bila pombe ni rahisi mfukoni. Inategemea. Tuseme bia inauzwa shilingi 8,000 na juisi ya kukamua shilingi 10,000. Anayekunywa bia moja tu amepoteza shilingi 2,000 kwa kuhamia juisi. Anayekunywa nne angetumia 32,000. Hapa akinywa juisi moja na chai ya 6,000, amelipa 16,000. Anayeokoa ni mnywaji mkubwa. Mnywaji mdogo asitegemee unafuu, hasa kwenye mikahawa mikubwa ambako vinywaji vyenye majina marefu, matunda ukingoni na miavuli ya karatasi huuzwa bei ya kukutia adabu. Jagi moja la juisi kwa meza nzima kwa kawaida ni nafuu kuliko glasi za mmoja mmoja. Uliza kama lipo hata kama menyu haikuliandika.

Angalia chini ya menyu kama bei zimeshajumlisha kodi ya VAT, ambayo Uganda ni asilimia 18, na kama kuna tozo ya huduma. Asilimia hizo zikiongezwa baada ya chakula huharibu ladha kuliko kuikosa bia.

Upande mwingine wa hesabu ni barabara. Polisi wa usalama barabarani wana operesheni yao ya kupima pumzi za madereva, ile ambayo Waganda wanaiita Kawunyemu, na wanapenda usiku wa mwisho wa wiki. Aliyekunywa pasheni anapuliza, anarudishiwa funguo, anaendelea na safari yake. Huhitaji dereva wa kukodi wala kuacha gari mpaka kesho.

Neno kuhusu bakshishi. Bili isiyo na pombe ikiwa ndogo, anayetoa kwa asilimia hutoa kidogo. Mhudumu naye amebeba sinia zito lile lile, amejaza jagi mara tatu, ametandika kiti cha mtoto. Mpe kwa kazi aliyoifanya, mkononi mwake.

Mkiwa kundi mchanganyiko

Mwenye mwaliko aseme mapema. Ujumbe mmoja unatosha: "Chakula ni saa moja jioni, mahali hapauzi pombe, karibuni." Mgeni akilijua hilo nyumbani hujipanga, akiligundua mezani hununa. Usiwaombe radhi wala usiwahubirie. Umewaalika chakula.

Kwa wanaotaka kunywa, Kampala yenyewe imerahisisha mambo, maana usiku wake huanza kwa kuchelewa. Kuleni kuanzia saa moja, malizeni chai saa tatu, kisha wanaoelekea Bandali Rise waende wakiwa wameshiba, na wanaokwenda nyumbani waende. Kila upande umepata chake, na hakuna aliyekaa kwa muda wa saa nne akitazama wenzake wakilewa.

Ikiwa mezani kuna mtu aliyeacha pombe hivi karibuni, mahali pasipo na kaunta ya vileo ni msaada mkubwa kuliko maneno ya kumtia moyo. Hapa hahitaji kukataa mara sita kwa usiku mmoja wala kueleza sababu zake. Msimuulize. Mmiminieni chai.

Siku ambazo mahali hapa hapakufai

Tuseme kweli, zipo. Kama unatafuta mechi ya Ligi Kuu ya England yenye makelele na meza zinazopigwa ngumi, mgahawa wa familia utakukera, na wewe utaikera familia. Kama hamu yako ni nyama ya nguruwe, usiifuate penye chakula cha halali. Kampala ina maeneo yake ya kitoweo hicho, na kwa kawaida bia iko hapo hapo. Kama mnataka muziki na kucheza mpaka alfajiri, hapa jiko litazimwa na taa zitawashwa zote kabla hamjapasha viungo. Na kama mazungumzo ni ya watu wawili wanaotaka kunong'ona, chagua siku ya katikati ya wiki, ghorofa ya juu ikiwepo, mbali na sehemu ya watoto.

Siku nyingine zote, fuata utaratibu ule ule: piga simu, agiza kwa awamu, chagua kinywaji chenye ukali, kuleni sinia moja, malizieni kwa chai. Mgahawa usio na pombe hupimwa kwa jiko lake, kwa kuwa hauna pa kujificha. Penye bia, mteja wa chupa ya tatu husamehe kuku mkavu na chipsi zilizolegea. Hapa hasamehe mtu. Kwa hiyo ukila vibaya, usiisingizie bia ambayo haikuwepo. Laumu mpishi, na wiki ijayo peleka fedha zako kwingine.